Mwanafunzi Aliyekataa Kugusa Kidonda Siku ya Mtihani

Jua halijachomoza mtaani Iftin, na kafyu haijaondolewa. Nurto Olow ameshasali alfajiri, amekunja mkeka, amefunga nywele kwa kitambaa cheupe, na sasa amepiga magoti mbele ya mguu wa mama yake mzazi. Kando yake pana sinia lililosuguliwa kwa majivu, shuka kuukuu lililochanwa vipande virefu, na vijiko viwili vya chai vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Vijiko hivyo ndivyo koleo yake ya kushikia shashi, kitambaa chepesi cha kujazia kidonda.

"Nawa mikono," anajiambia kwa sauti. "Funika meza. Fungua bendeji ya jana. Usipitishe mkono juu ya kilicho safi."

Mama yake, Bi Fatumo, ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, ameunyoosha mguu juu ya kigoda kama mtu anayekandwa. Anauliza mguu wake una ugonjwa gani leo.

"Risasi, hooyo," Nurto anajibu, akimwita mama kwa Kisomali. "Imeingia hapa, imetokea huku."

"Jana ulikuwa umeungua. Juzi ulikatwa na shoka. Siku mguu huu ukifika mbele ya Mola, utakuwa na mengi ya kujieleza."

Nurto hacheki. Nje linapita lori la askari, naye anasimamisha mikono hewani mpaka ngurumo ipotee upande wa mtoni. Kisha anarudi kwenye beseni, ananawa upya, na kuanza mwanzo.

Ana umri wa miaka thelathini na minne, au karibu na hapo, maana siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Ni mwanafunzi katika shule ndogo ya wauguzi wasaidizi iliyo nyuma ya hospitali, hapa mjini Garissa. Wiki ijayo, barabara ikiruhusu, atakuja mtahini kutoka Nairobi kuwapima wanafunzi katika uuguzi wa magonjwa na upasuaji. Mtihani una sehemu mbili: wa karatasi, na wa mikono kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mwaka jana Nurto alianguka. Sheria ya shule humpa mwanafunzi nafasi mbili tu. Akianguka tena, atarudishiwa fagio na ndoo, kazi aliyoifanya miaka saba katika wadi hizo hizo.

"Kufagia si aibu," anasema. "Chakula cha halali hakina aibu. Lakini nilikuwa nasimama mlangoni namwona mwanamke anavuja damu, anaona haya kumfunulia mwanamume, na mimi mwanamke niliye karibu, mikono yangu hairuhusiwi. Hilo ndilo nisilotaka kulirudia."

Nurto alizaliwa upande wa Bura, binti wa mfuga ngamia. Aliolewa na Keynan, aliyekuwa utingo wa lori la mfanyabiashara wa mifugo, naye ndiye aliyemleta mjini. Siku hizi lori hilo limesimama bila magurudumu. Tangu vita hivi vya serikali na waasi waitwao shifta vilipoanza, mwaka wa tatu sasa, barabara hufungwa na kufunguliwa kwa amri, na mifugo haifiki sokoni. Nyumba yenye watu saba inaishi kwa mshahara wa Nurto wa hospitali, usiozidi shilingi mia na ishirini kwa mwezi.

Kusoma alianza akiwa mtu mzima, katika kisomo cha jioni kilichofanyika kwenye ghala la duka, wanafunzi wakikalia magunia ya sukari. "Siku ya kwanza nilishika kalamu kama mtu anayeshika kisu cha kuchinjia," anakumbuka. "Mwalimu aliogopa kunisogelea."

Alijua Kurani kwa moyo tangu utotoni, kwa hiyo akaamini kwamba kichwa kilichobeba maneno ya Mungu hakiwezi kushindwa na maneno ya watu. Akasoma Kiswahili, kisha Kiingereza kidogo, kisha akaomba nafasi katika shule ya wauguzi. Alikubaliwa baada ya kuomba mara ya tatu.

Walianza wanafunzi kumi na mmoja. Sasa wamebaki sita. Mmoja alichukuliwa katika msako na hajarudi. Wengine walihamishwa na jamaa zao kwenda katika vijiji vya ulinzi, ambako serikali inawakusanya wafugaji. Wanawake ni wawili tu, Nurto na Muslimo, msichana wa umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho.

Masomo hufanyika jioni, baada ya kazi za wadi, na lazima yaishe mapema ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya kafyu. Kitabu ni kimoja, cha Kiingereza, kimezunguka mikononi mpaka jalada limegeuka kitambaa. Kabla ya kukifungua, Nurto huinua viganja na kuomba dua ile ya wenye kutafuta elimu: "Mola wangu, nizidishie." Wenzake wamezoea. Hata wale waliokuwa wakimcheka sasa hungoja amalize ndipo wafunue ukurasa.

Mwalimu wao ni Sista Arbia, mzaliwa wa upande wa Hola, mwanamke mfupi anayetembea haraka. Ukimuuliza juu ya Nurto, hafichi.

"Mikononi sina wasiwasi naye," anasema. "Kalamu ndiyo adui yake. Swali la kwanza analijibu kama anamwandikia Mungu. Akifika la nne, kengele imelia."

Basi kila mtu aliogopa karatasi. Kitanda hakuna aliyekiogopa.

Mgonjwa ambaye Nurto alipangiwa kwa mtihani wa mikono aliitwa Abshiro, mfugaji wa karibu na Kotile. Alipigwa risasi ya paja akinywesha mbuzi kisimani. Ni nani aliyempiga, hasemi. Askari waliokuja kumhoji walipomuuliza, aliwajibu kwamba risasi haimtaji baba yake, akageukia ukuta. Alisafirishwa juu ya ngamia, kisha juu ya lori, na alipofika paja lilikuwa limevimba na kunuka. Daktari alilikata na kulisafisha, akaacha shimo ambalo lazima lijazwe shashi mpya kila asubuhi mpaka nyama ikue kutoka chini.

Anayeingia wadi ya wanawake wa upasuaji kwa mara ya kwanza hushangazwa na harufu ya mvuje. Wanawake hawa wa nyikani huuvaa shingoni ndani ya kitambaa, na wengine huziba pua kwa pamba. Kwao, mwenye kidonda hapaswi kunusa manukato. Harufu ya udi au marashi, wanasema, huingia puani ikashuka mpaka kwenye jeraha, nalo likavimba na kutunga usaha. Mtu aliyetoka arusini hamtembelei majeruhi. Akitaka kumtembelea, akaoge kwanza, abadili nguo.

Sahara, wifi yake Abshiro, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kitanda. Kila mgeni alisimamishwa na kunuswa. Mke wa mwenye duka mmoja alirudishwa mlangoni na zawadi yake ya tende mkononi. Tende zilipokewa, yeye hakupokewa.

Nurto anazijua desturi hizo, ndimo alimokulia. Tangu alipohamishiwa wadi hiyo hajafukiza nguo zake. Kwa mwanamke mwenye mume hapa Garissa, hilo si jambo dogo, kwa kuwa jioni kila nyumba hutoa moshi mtamu wa chetezo. Majirani walimtania kisimani, wakimuuliza kama Keynan amempa talaka na yeye anaificha.

Je, yeye anaamini kwamba udi unaharibu kidonda? Alifikiri kabla ya kujibu.

"Kitabu kinasema ni vijidudu, nami nimeona kwamba kitabu kinasema kweli. Lakini mama yangu hakusoma kitabu, na alitibu watu. Mimi ninalojua ni hili: mgonjwa akiogopa, anakaza paja, na nikivuta shashi damu inatoka upya. Abshiro anapolegea, kazi inakwenda. Na analegea kwa sababu ananiamini."

Kuaminiwa huko hakukuja kwa siku moja. Mwanzoni Abshiro alitaka kuchomwa kwa chuma cha moto, kama walivyotibiwa wazee wake. Nurto alikaa naye, akamsikiliza habari za mbuzi wake waliotawanyika, akawa anamfungua bendeji taratibu huku wakilumbana. Abshiro alimwita "binti wa mji" kwa dharau, kisha kwa mzaha, kisha kama jina lake. Sista Arbia alipomwambia kwamba siku ya mtihani atakuwapo mgeni wa kutazama, alikubali kwa sharti moja: asimguse mtu mwingine ila binti wa mji.

Mtahini alitarajiwa Jumatatu. Jumatatu ilipita. Lori la mbele katika msafara lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, na ingawa kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa, magari yote yalirudi. Mjini zikaanza kusemwa habari za kila aina: kwamba mtihani umefutwa, kwamba shule yenyewe itafungwa, kwamba Nairobi hawana haja na wauguzi wa huku. Nurto alifunga saumu ya sunna, akaendelea na vijiko vyake.

Msafara uliingia siku ya Jumatano alasiri, magari yakiwa mekundu kwa vumbi. Mtahini alikuwa mama mrefu wa makamo, saa imebandikwa kifuani mwake. Hakupumzika. Aliwakusanya wanafunzi sita akawaeleza utaratibu: kesho karatasi, kesho kutwa wadi.

Nurto ana sare mbili. Moja aliiweka kando kwa ajili ya wadi, imefuliwa kwa maji matupu na kuanikwa mbali na jiko. Ya pili ilikuwa ya siku ya karatasi. Jioni hiyo Bi Fatumo alileta chetezo.

Alimwambia bintiye kwamba mtu haendi mbele ya mgeni mkubwa akinuka sabuni ya hospitali kama shuka la mgonjwa. Alimkumbusha kwamba hata yeye, mjane asiye na kitu, alimfukizia siku alipokwenda kuomba nafasi ya shule mara ya tatu, na nafasi ikapatikana. Nurto alisita.

"Hooyo, wadini hawataki."

"Kesho unaenda wadini?"

"Hapana. Kesho ni karatasi."

"Karatasi haina kidonda," Bi Fatumo alisema, akaitandaza sare juu ya moshi.

Nurto alimwachia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mama yake kuwa na la kufanya katika masomo yake zaidi ya kukopesha mguu.

Asubuhi, kafyu ilipoondolewa, alifika shuleni akiwa na kalamu mbili na sare inayonukia udi. Mtahini alikuwa amesimama uani na mkubwa wa msafara. Alipowageukia wanafunzi, alikuwa na habari mpya: magari yataondoka kesho adhuhuri, hayatangoja zaidi. Kwa hiyo utaratibu umegeuzwa. Wadi leo, karatasi kesho asubuhi.

Nurto alihesabiwa kuwa wa tatu.

Alikimbilia lango ili aende kuchukua sare nyingine. Hakufika mbali. Njia ya kwenda Iftin ilikuwa imezibwa kwa waya. Askari walikuwa wakipekua nyumba moja moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka mpaka wamalize. Alimwonyesha askari kitambulisho cha hospitali. Askari, kijana mwenye macho ya usingizi, alimwambia kwa upole kwamba hata daktari hapiti.

Muslimo ni mwembamba, sare yake isingemtosha Nurto hata mkono mmoja. Wagonjwa wengine wa vidonda walikwisha gawiwa. Sista Arbia alimvuta Nurto pembeni akamshauri kwa sauti ya chini. Amfunike Abshiro pua kwa kitambaa, aombe radhi, afanye haraka. Mgonjwa atasamehe. Mtihani hautasamehe.

Zamu yake ikafika. Alisukuma kigari cha vyombo mpaka mlangoni mwa wadi, mtahini nyuma yake. Sahara aliinuka kitandani kabla kigari hakijavuka kizingiti. Aliinua mkono. Kwa mkono wa pili aliziba pua.

Abshiro alijivutia shuka mpaka usoni.

"Umetoka arusini, binti wa mji?" aliuliza kutoka ndani ya shuka. "Ungepita kwako kwanza ukaoge. Mimi ningengoja."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliguna. Mmoja alianza kujifunika. Nurto anasema kwamba hapo hakumwogopa mtahini, aliona aibu. Katika kichwa chake alisoma aya fupi moja, ile anayoisoma akivuka kizuizi cha askari. Kisha akakiacha kigari cha vyombo na kumgeukia mgeni.

Alimweleza kwa Kiswahili, polepole. Kwamba sare yake imefukizwa udi. Kwamba mgonjwa huyu na wenzake wanaogopa harufu hiyo kuliko wanavyoogopa kisu. Kwamba kosa ni lake mwenyewe Nurto, kwa kuwa alidhani leo ni karatasi.

Mtahini alimsikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba jambo hilo halimo katika masomo. Alisema pia kwamba mwanafunzi anayemkataa mgonjwa aliyepangiwa hupata sifuri katika sehemu ya mikono, na sifuri hiyo ni kuanguka mtihani wote.

"Unamkataa mgonjwa?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Simkatai mgonjwa, mama. Naikataa nguo."

"Sare ina alama zake. Ukiivua, nitazikata zote."

"Zikate."

"Na saa inakwenda."

Nurto alikwisha geuka. Katika chumba cha kuwekea mafagio, kwenye msumari, lilikuwapo bado koti la kijivu la watumishi wa usafi, lile alilolivaa miaka saba. Alivua sare, akaifungia ndani ya ndoo yenye kifuniko. Akanawa kwa sabuni ya dawa kuanzia vidoleni hadi kwapani, akanawa shingo, akasugua uso. Kitambaa cha kichwani akakitupa ndoo ile ile, akajifunga nywele kwa bendeji ya pembetatu. Alinusa kiwiko chake. Akanawa tena.

Aliporudi, Sahara alikuwa amesimama pale pale. Alimnusa bega la kulia, la kushoto, akamwinamisha kichwa akamnusa utosini, akachukua mkono mmoja na kuupandisha puani kidole kwa kidole. Hakuharakisha. Kule nyuma mtahini alitazama saa ya kifuani. Sista Arbia, ambaye hakuruhusiwa kusema neno, alikuwa ameufumbata ufunguo wa kabati kwa nguvu hata ukamwachia alama kiganjani.

"Haya," Sahara alisema hatimaye, akapisha.

Abshiro alishusha shuka kidogo, jicho moja likaonekana. Akamwambia mtahini kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe simama mbali. Hii nafanya kazi yake, mimi nabona." Alitaka kusema anapona.

Nurto alinawa kwa mara nyingine, kwa kuwa alikuwa ameshikwa. Akafunika meza. Akafungua bendeji ya jana. Shashi ya ndani ilikuwa imekauka na kushikana na nyama. Akailowesha maji ya chumvi, akangoja. Kungoja huko, anasema, ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote, kwa sababu kila pumzi ilikuwa ni wakati unaopotea, na mkono ulitaka kuvuta.

Mtahini alimuuliza kwa nini amesimama tu.

"Nikiivuta kavu, itatoka na nyama mpya," alijibu.

Hakuulizwa tena. Jasho lilimteremka, akageuza uso pembeni ili lisidondoke juu ya vyombo. Shashi ikajiachia yenyewe. Shimo lilikuwa jekundu safi, bila usaha. Alilijaza kuanzia chini, pole pole, bila kulishindilia, Abshiro akimweleza habari za beberu mmoja mtundu aliyeonekana karibu na Kotile na ambaye bila shaka ni wake. Bendeji ilipofungwa, muda wa mtihani ulikuwa umeisha zamani kwa saa ya ukutani.

Nje ya wadi mtahini alimwita. Nurto alijiandaa kusikia neno la mwisho.

"Mavazi nimekata," yule mama alisema. "Nilikuambia, na sheria ni sheria. Muda nimeuhesabu tangu uliponawa mbele ya kitanda. Sasa nenda kapumzike. Bila alama za mavazi huna pa kuegemea. Kesho karatasi yako lazima iwe nzuri."

Karatasi. Mahali pale pale alipoangukia.

Jioni hiyo hakufunga mguu wa mtu. Alisali, akamwomba Keynan amshikie kitabu, amtajie vichwa vya sura kwa jinsi alivyoweza kuvitamka. Bi Fatumo, aliyekwisha sikia yaliyotokea, alikaa karibu na jiko lililozimwa. Nurto alimwendea akamwekea kichwa mapajani, na hapo ndipo mama alipolia. Binti alimwambia kwamba hakuna mwenye kosa ila msafara wa magari, na magari hayaendi motoni.

Karatasi ya mtihani ilikuwa na maswali matano. Kwa ushauri wa Sista Arbia alianza na la mwisho. Aliandika juu ya mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo, juu ya nimonia, juu ya mtu aliyepoteza damu nyingi. Katikati ya mtihani milio ya bunduki ilisikika ng'ambo ya mto. Wanafunzi waliinua vichwa. Mtahini, mgeni wa milio hiyo, alishika ukingo wa meza. Nurto aliinama akaendelea kuandika. Hata hivyo kengele ilipolia, swali moja la Kiingereza kigumu lilikuwa limeachwa na mistari miwili tu.

Msafara uliondoka adhuhuri na karatasi zao.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kama kawaida. Alipoulizwa kama anatumaini, alisema amekwisha fanya sehemu yake na sasa anabisha mlango wa Mungu, na mwenye kubisha haulizi mwenye nyumba anafanya nini ndani. Lakini alikonda. Muslimo anasema alimkuta mara mbili amesimama mbele ya kabati wazi, amesahau alichofuata.

Matokeo yalifika na msafara wa Alhamisi. Nurto alikuwa akimwaga beseni nyuma ya wadi Sista Arbia alipomjia, akitembea haraka kuliko siku zote. Wanafunzi wanne kati ya sita walikuwa wamefaulu. Jina la Nurto lilikuwa la nne.

Nurto alisema Alhamdulillahi. Akauliza kuhusu Muslimo, akaambiwa Muslimo ni wa pili. Akalisuuza beseni, akaligeuza juani likauke, ndipo akasujudu pale pale kwenye mchanga wa uani.

Abshiro hakuwapo kuzisikia habari hizo. Alikuwa amekwisha ruhusiwa, akatoka akitembea kwa fimbo, Sahara akimtangulia kunusa njia, kama watu wa wadi wanavyotania.

Sasa wauguzi wapya wanapangiwa vituo. Wengi wameomba kubaki mjini, na hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa barabara za vijijini zimejaa mabomu. Nurto ameomba kupelekwa Kotile, katika nyumba ndogo ya dawa ambayo haijapata muuguzi tangu vita vianze. Ameshazungumza na Keynan, naye amekubali kwenda. Anasema utingo hajawahi kukataa safari. Bi Fatumo atabaki Iftin kwa dada yake Nurto mpaka njia itulie.

Sista Arbia amemtaka aandike orodha ya mahitaji ya kituo hicho. Nurto alikwenda Kotile kwa siku moja, juu ya lori la askari, kujionea. Ukuta upo. Paa lipo, ingawa limetoboka. Alirudi, akaomba vitu viwili tu kwa kuanzia: sufuria ya kuchemshia vyombo, na mlango wa mbao wenye komeo la ndani.

Wakubwa walimuuliza kwa nini hakutaja dawa.

"Dawa zitakuja na msafara, leo au kesho," anaeleza. "Lakini mlango wa pale umechomwa, na kambi ya askari iko mkabala. Hakuna mwanamke wa Kotile atakayefunua paja lake mbele ya barabara, hata akiwa anakufa. Kwanza nipate mlango. Nikishaufunga, wataingia."